Kondoo nae anakamuliwa? Niliyoongea na akina mama wa Dodoma kuhusu sabuni ya maziwa ya kondoo

Hii niliongea Jumamosi kwenye mkutano wa vikundi vya akina mama hapa Dodoma. Niliambiwa nina nusu saa nikaongea karibu lisaa, dada mmoja alirekodi kwenye simu akaniomba niiandike ili waliokosa wasome, basi nimeiandika kama ilivyotoka, nimepunguza tu yale maneno niliyokuwa narudiarudia.

Mbukwenyi! (Ukumbi: Mbukwa!) Shikamooni mama zangu, na nyie dada zangu habari za asubuhi. Najua wengine mmeshangaa kwenye ratiba imeandikwa sabuni alafu anasimama mwanaume. Kule kwetu Chamwino wameshanizoea, zamani walikuwa wananiita jina moja siwezi kulisema hapa mbele ya wazee, saivi wananitumia meseji wanauliza mzigo umekauka lini.

Mi ni mfugaji, baba yangu mfugaji, na kama mnavyojua sisi huku kondoo hatumkamui. Ng'ombe tunakamua, mbuzi kidogo, kondoo ni wa nyama na wa shughuli. Siku ya kwanza nimechuchumaa nyuma ya kondoo jike na kikombe cha bati mjomba wangu alipita akasimama, akaangalia, akaondoka bila salamu. Jioni akaja kumuuliza mke wangu kama niko sawa kichwani.

Kilichonipeleka kule ni bibi. Bibi yangu kila kipupwe, Juni Julai ule upepo wa Dodoma unapoanza kukata, alikuwa anayeyusha mafuta ya mkia wa kondoo kwenye kigae anatupaka miguu yote mpaka magotini, tunanuka kondoo darasani lakini miguu haipasuki. Wenzetu waliokuwa wanapakwa mafuta ya dukani ya kunukia saa nne tu wameshapauka, unaweza kuandika jina kwenye mguu kwa kucha. Sasa mi nimekuwa mtu mzima nimeanza kupika sabuni za alizeti za kawaida, nikawaza, kama mafuta ya mkia yalifanya vile, je maziwa? Nikatafuta, nikasoma, nikakuta wenzetu Austria na Ujerumani sabuni ya maziwa ya kondoo ni kitu cha kawaida kabisa dukani, na Ufaransa kuna kondoo wanaitwa Lacaune wanakamuliwa kwa mashine kama ng'ombe, maziwa yao ndio yanayotengeneza jibini ya Roquefort. Kumbe mjomba ndio mgeni wa mambo.

Sasa kabla sijaisifia sabuni yangu naomba tuelewane sabuni ni nini, maana hapa ndipo tunapopigwa sana sisi wanunuaji. Sabuni haina macho. Ile chembe ya sabuni upande mmoja inashika mafuta, upande mwingine inashika maji, ukisuuza inaondoka na kile ilichokishika, basi. Haijui haya ni mafuta ya mshikaki na haya ni mafuta ya ngozi yako mwenyewe uliyopewa na Mungu, inabeba yote. Na ile ngozi ya juu kabisa ukiiangalia imejengwa kama nyumba ya tembe, kuna fito na kuna udongo katikati, zile seli zilizokauka ndio fito, na mafuta yaliyojaa katikati yake ndio udongo. Tembe ukiacha udongo unabanduka mvua inaingia, ngozi ukibandua mafuta yake maji ya mwilini yanatoka, na hewa yetu hapa kavu, mvua yenyewe inaanza Desemba inaishia Aprili alafu miezi yote iliyobaki ni jua na upepo. Mtu wa Tanga akioga na sabuni kali hewa ya bahari inamsaidia kidogo. Wewe wa Dodoma nani anakusaidia?

Kwaiyo mi nikichagua sabuni siulizi inaniongezea nini, nauliza inaninyang'anya kiasi gani. Na hapo ndio kondoo anapoingia.

Maziwa ya ng'ombe lita moja ina mafuta kama gramu 35 mpaka 40, ya mbuzi hayaachani sana na hapo. Ya kondoo ni gramu 60 mpaka 70, karibia mara mbili. Protini nazo, ng'ombe kama gramu 33, kondoo kama 55. Ukiyachemsha unaona mwenyewe, utando wake juu mnene unaweza kuukunja. Sasa mafuta hayo ya ziada yanaingia kwenye sabuni, na sabuni yangu naipika makusudi kostiki, ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, iwe pungufu kidogo, isitoshe kuyageuza mafuta yote, yale yanayobaki bila kugeuka yanakaa humo kwenye kipande. Ukioga, sabuni inapata mafuta yake yenyewe ya kushughulika nayo, makali yanapungua, na kidogo kinabaki kwenye ngozi.

Naomba niwape hesabu maana napenda hesabu. Mafuta kilo moja: nazi gramu 300, mawese gramu 300, alizeti gramu 400. Kostiki soda gramu 142, hapo tayari kama asilimia 6 ya mafuta haigeuki. Maziwa ya kondoo gramu 300. Inatoka kama vipande 14 vya gramu 100 vikiwa bado vibichi. Kwenye yale maziwa gramu 300 mafuta yake ni kama gramu 20 na kidogo, gawanya kwa 14, kila kipande kina gramu moja na nusu ya mafuta ya kondoo. Gramu moja na nusu mama zangu! Ukijumlisha na yale mengine yaliyobaki inakaribia gramu sita kwenye kipande kizima. Sio nyingi, lakini ukilinganisha na sabuni isiyobakisha kitu ngozi inajua tofauti, na ndio maana mtu akikwambia sabuni yake ni maziwa matupu mtazame vizuri usoni, maziwa matupu hayawezi kuwa sabuni.

Cha pili ni glisirini. Mafuta yakikutana na kostiki yanatoa vitu viwili, sabuni na glisirini, na glisirini kazi yake ni kuvuta maji ikayashikilia. Viwanda vikubwa mara nyingi vinaitoa vinaiuza pembeni, inaenda kwenye losheni, kwenye dawa, alafu unanunua sabuni, ngozi inakauka, unarudi dukani kununua losheni yenye ile ile glisirini. (Kicheko.) Sisi wa nyumbani hatuna mtambo wa kuitoa kwaiyo inabaki humo humo, umaskini nao una faida zake. Ila sifa hii sio ya kondoo peke yake, sabuni yoyote ya kupika nyumbani inayo, hata ya alizeti tupu.

Na povu. Sukari ya maziwa inasaidia povu, na povu la maziwa ni zito, linateleza. Hapa Dodoma hilo sio jambo dogo maana maji yetu mnayajua. Maji mengi ya mji huu yanatoka visima vya Mzakwe kule Makutupora, maji ya chini ya ardhi, angalieni birika zenu ndani ukoko mweupe ulivyoganda. Ule ukoko ni madini, na yale madini yakikutana na sabuni yanaganda nayo, ule utando wa kijivu kwenye beseni ndio huo, na kidogo unabaki kwenye ngozi, mtu anajihisi kakazwa kama ngoma. Siwadanganyi, sabuni ya maziwa ya kondoo nayo inatoa utando kwenye maji magumu, sabuni yoyote ya kweli inatoa. Mi mvua zikianza nakinga maji ya bati, pipa moja nalitenga kwa ajili ya kusuuzia watoto uso tu, maji ya mvua hayana yale madini, jaribuni Desemba mtaniambia.

Haya sasa nije kwenye uongo, na nianze na wa kwangu. Mwaka wa kwanza nilikuwa naandika kwenye lebo vitu nilivyokuwa naviona kwa wenzangu kwenye simu, inaondoa madoa, inatibu chunusi, inang'arisha. Akaja mama mmoja akanunua vipande kumi kwa mpigo, nikafurahi nikamzidishia kimoja. Mwezi wa pili yuko mlangoni, ameshika begi. Akaniuliza, kijana, weupe uko wapi? Nikamwambia mama mi sikusema weupe, nimesema kung'ara. Akanijibu, na kung'ara ni nini kama sio weupe? Nikakosa jibu. Nilimrudishia hela yake yote, jioni nikakaa na mke wangu tukabandua zile stika moja moja kwa maji ya moto, stika mia mbili na kitu.

Kwaiyo sasa nasema waziwazi. Haifanyi mtu awe mweupe. Kama kuna sabuni inamfanya mtu awe mweupe haraka ujue kuna kitu ndani yake, zebaki au haidrokwinoni, ndio mkorogo huo huo umekuja na sura ya sabuni, na hivyo vitu vimepigwa marufuku nchini kwenye vipodozi kwa sababu zebaki inaingia mpaka kwenye figo. Tusifanyiane hivyo.

Uongo mwingine, huu unasemwa na watu wazuri tu, kwamba sabuni ya maziwa ya kondoo ina lanolini. Lanolini ni mafuta ya kwenye sufi, yanatoka wakati sufi inaoshwa, hayatoki kwenye chuchu. Na kondoo wetu hawa wa mkia mnene wa huku hata sufi hawana, wana nywele fupi kama mbuzi. Alafu kuna wanaosema asidi ya maziwa inachubua ngozi taratibu inaacha laini. Ile asidi ni inayofanya mtindi uwe mchachu, ni kweli iko kwenye vipodozi, lakini ukiikutanisha na kostiki haibaki asidi tena, inageuka kuwa chumvi, sodiamu lakteti. Ambayo sio mbaya hata kidogo, inavuta maji na inafanya kipande kiwe kigumu kisiyeyuke haraka bafuni, ila haichubui kitu. Vitamini nazo, maziwa ya kondoo yanazo, lakini kitu unachokipaka dakika moja ukakisuuza kitakuachia vitamini ngapi?

Na hata hii yangu niliyoileta hapa mezani, pH yake, yaani kipimo cha asidi, namba ikipanda asidi inapungua, ni 9 mpaka 10. Ngozi yenyewe inapenda kama 5. Sabuni zote za kweli ziko hivyo, ukiishusha pH inaacha kuwa sabuni. Zipo zile baa za kuogea za kisasa ambazo sio sabuni, zimetengenezwa kwa kemikali nyingine, pH yake iko karibu na ya ngozi, na kwa mtu mwenye pumu ya ngozi kali daktari anaweza akamwambia atumie hizo na akawa na haki. Mke wangu hapendi nikisema hivi mbele ya wateja. (Kicheko.) Yupo pale nyuma, msimwangalie.

Sasa nani inamfaa? Inamfaa mtu ambaye ngozi yake ni nzima ila inakauka, inapauka, inawasha ukitoka kuoga, wazee, watoto wa shule wanaocheza vumbini, akina mama wanaofua kila siku. Mama yangu mwenyewe magaga yake yalikuwa yanatoa damu, saivi hayatoi, lakini naomba mnisikilize, sio sabuni peke yake, alibadilisha sabuni, akaacha maji ya moto sana, na akitoka tu kuoga ngozi bado ina unyevu anapaka mafuta, hajasubiri akauke kwanza. Ukisubiri ukakauka ndio upake unakuwa umefunga mlango mwizi ameshatoka.

Upele, mapunye, fangasi, hivyo ni vijidudu, vinataka dawa. Na mwenye aleji ya maziwa ya ng'ombe awe makini, protini zake zinafanana na za kondoo. Jaribu kwanza kwenye kiwiko kwa ndani siku mbili tatu, ukiona wekundu au kuwasha acha.

Wengi hapa mmekuja kujifunza kupika, najua, kwaiyo hapa nitakaa kidogo.

Kukamua kwanza. Kondoo wetu hana maziwa mengi, ukipata kikombe cha chai asubuhi umebahatika, na mwanakondoo nae anakudai. Mi nasubiri mtoto afike miezi miwili ameanza majani, usiku namtenga, asubuhi nakamua upande mmoja namwachia upande mmoja. Nachemsha. Watu wananiuliza ya sabuni unachemsha ya nini, jamani brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba, unaingia kwa binadamu, na mikono inayoshika ni yangu. Yakipoa nayamimina kwenye vile vifuko vya barafu naweka kwenye friji, nikifika gramu 300 napika.

Na yawe barafu kweli! Kostiki ikiingia kwenye kimiminika inachemka yenyewe, kwenye maji hakuna shida, kwenye maziwa ile joto inaunguza sukari, unapata rangi ya chungwa alafu kahawia na harufu kali ya mkojo. Batchi yangu ya kwanza ilitoka rangi ya matope ya Bahi. Unaweka barafu ya maziwa kwenye ndoo ya plastiki ngumu, ndoo iko kwenye beseni la maji baridi, unanyunyiza kostiki kijiko kimoja, unakoroga, unasubiri, kijiko kingine. Kostiki ndio inaingia kwenye maziwa, usigeuze ukamwagia maziwa juu ya kostiki, itakurukia. Glavu, miwani, mikono mirefu, watoto nje, dirisha wazi.

Na sufuria zetu hizi, sikilizeni. Sufuria za alumini hapana! Mi nilichukua sufuria kubwa la mke wangu, la pilau, la sherehe, nikamimina kostiki. Likaanza kulia ssss, likatoa mapovu, moshi, ndani likawa jeusi kama limepikiwa lami. Kostiki inaila alumini na ile hewa inayotoka inashika moto. Nilikimbia nje nikaliacha lipige kelele peke yake. Sufuria halikupona, na kesi yake haijaisha mpaka leo. Tumieni plastiki ngumu au chuma kisichoshika kutu.

Mafuta unayapasha yawe vuguvugu tu, unamimina ule mchanganyiko, unakoroga. Kwa mwiko utakoroga mpaka mkono ufe, ile blenda ya mkono dakika chache tu, inakuwa nzito kama uji wa mtoto, ukiinua mwiko inaacha alama juu. Mimina kwenye fremu ya mbao uliyotandika karatasi. Wengine wanaifunika blanketi, ya maziwa usifunike, itapata joto ikapasuke, mi naiweka chini kwenye sakafu ya saruji. Kesho au keshokutwa unakata, alafu sasa ndio kazi ngumu kuliko zote, kusubiri. Wiki nne mpaka sita kwenye hewa, pasipo jua. Hewa kavu hii tunayoilalamikia hapa inatusaidia, kipande kinatoa maji vizuri kinakuwa kigumu, ila joto la Oktoba na alizeti ikizidi vinatoka madoa ya njano na harufu ya mafuta yaliyochacha. Ndio maana alizeti siivushi gramu 400 hata kama imejaa kila kona Kongwa na Singida na bei yake inanivutia.

Mpime kwa mizani ya kidijitali, sio kwa kikombe, gramu kumi za kostiki zikizidi umetengeneza sabuni ya kufulia magunia. Na mkitaka kuuza zaidi ya majirani nendeni SIDO, shirika la viwanda vidogo, wanasaidia wajasiriamali wadogo kufika TBS, Shirika la Viwango, vipodozi siku hizi viko chini ya TBS, ina usumbufu wake lakini ukiwa na nembo unaingia dukani kwa mlango wa mbele.

Maswali yalikuwa mengi, naandika mawili tu. Dada mmoja mwenye mtoto mwenye ualbino aliuliza kama sabuni hii itamsaidia na jua. Nilimjibu hapana, hata kidogo, kuogea kutamlainisha ngozi lakini jua linataka kofia, mikono mirefu na krimu ya kukinga jua, na ipo moja inaitwa Kilisun inatengenezwa Moshi pale hospitali ya KCMC kwa ajili ya watu wenye ualbino, aulize kwenye kliniki. Nisingependa mtoto aende juani bila kinga kwa sababu ya maneno ya muuza sabuni.

Mama wa kiti cha mbele akauliza, sasa wewe kila kitu unasema hapana, hapana, utauza kweli? Watu wakacheka sana. Nikamwambia mama, siwezi kujibu hilo kwa mdomo. Ile ndoo pale ina maji ya bomba la hapa hapa ukumbini, sijaja nayo, na pembeni nimeweka vipande viwili, kimoja changu kimoja nimenunua dukani kwa hela yangu. Nawa mkono wa kulia na kimoja, wa kushoto na kingine, usijipake chochote, rudi ukae, chai ikiisha uniambie ni mkono gani unataka kukwaruza.

Alinyanyuka yeye wa kwanza, nyuma yake ikajipanga foleni mpaka mlangoni, mwenyekiti akasema basi chai inywewe kwa zamu.